Dawa ya majaribio kutoka nje: karatasi zipi zitangulie, na nani anamdai nani

Swali limetoka kwa mfamasia wa hospitali moja ya wilaya mkoani Mtwara. Kwa ufupi anasema hivi: kampuni ya Marekani inataka kufanya majaribio ya dawa mpya ya malaria kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 hospitalini kwao. Mwakilishi wa kampuni amewaambia "FDA wameshapitisha" (yaani mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani), kwa hiyo kilichobaki ni muhuri wa NIMR tu, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Dawa zitakuja kwa ndege kama kifurushi, damu itapelekwa kupimwa Marekani, na wangependa mtoto wa kwanza aandikishwe mwezi wa kumi. Mganga mfawidhi ameshamwagiza aandae stoo, na daktari atakayeongoza utafiti ameletewa Fomu 1572 aisaini. Anauliza: sheria ya nani inatawala hapa, ya Marekani au ya Tanzania? Na yeye mfamasia atadaiwa nini?

Ndugu mfamasia, zinatawala zote mbili, ila kila moja imeshika upande wake. Sheria ya Tanzania inamlinda mtoto, inaibana dawa tangu inapofika nchini, na inaibana damu mpaka inapoondoka. Sheria ya Marekani inaibana kampuni na takwimu zake. FDA haina mamlaka ya kuruhusu mtoto wa Nanyamba, huko kwenu Mtwara, apewe kidonge. Inachoamua ni kama takwimu zilizotoka Nanyamba itazipokea siku kampuni itakapoomba kuiuza dawa hiyo Marekani. Ukilishika hilo, maneno mengi ya wawakilishi yanapungua uzito.

Tuanze na hilo neno "wameshapitisha". Marekani, dawa ambayo haijasajiliwa hujaribiwa kwa binadamu chini ya ombi liitwalo IND. Kampuni ikishaliwasilisha, FDA ina siku 30 za kulipitia. Isipousimamisha utafiti ndani ya siku hizo, unaweza kuanza. Hakuna cheti kinachosema dawa ni salama. Kwa hiyo mwakilishi wenu anaweza kuwa anamaanisha ukimya wa siku 30. Anaweza pia kuwa anamaanisha kwamba utafiti wa awali wa watu wazima ulikuwa chini ya IND, lakini huu wenu haumo. Au dawa imeshasajiliwa kwa watu wazima na sasa wanatafuta kipimo cha watoto. Mwombeni kwa maandishi vitu viwili: namba ya IND, na tamko kama kituo chenu kimo ndani ya IND hiyo au kiko nje yake. Utafiti mmoja wa nchi nyingi unaweza kuwa na vituo vya ndani na vya nje ya IND, na kampuni ndiyo inayochagua. Si vibaya kuwa nje. Kibaya ni kusaini karatasi bila kujua mko upande gani.

Hapo ndipo Fomu 1572 inapoingia. Daktari anayeisaini anaahidi mbele ya serikali ya Marekani kwamba atafuata kanuni zake: atausimamia utafiti yeye mwenyewe, atatunza kumbukumbu, atawafungulia mlango wakaguzi wa FDA, na utafiti utapitiwa na kamati ya maadili inayokidhi kanuni za Marekani. Hilo la mwisho ndilo lenye mtego. Kamati zetu zimeundwa kwa sheria na miongozo ya Tanzania, hazikuundwa kwa kanuni za Marekani, na daktari hawezi kuahidi jambo asilolimudu. Ndiyo maana FDA inamruhusu mfadhili, yaani kampuni yenye utafiti, kuomba msamaha wa sharti hilo kwa vituo vya nje. Msamaha ukiwepo kwa maandishi na nakala iko kwenye faili lenu, daktari asaini. Usipokuwepo, kalamu ibaki mfukoni. Na kituo kikiwa nje ya IND, fomu hiyo haitakiwi kabisa. Wapo wafadhili wanaoisambaza kwa kila kituo kwa mazoea tu, na wengi wanaosaini hawajasoma onyo lililopo kwenye fomu yenyewe kwamba taarifa ya uongo kwa makusudi ni kosa la jinai.

Wewe mfamasia kwa kawaida hutajwi kwenye sehemu ya wasaidizi wa mtafiti ikiwa kazi yako ni kuandaa dawa na kutunza hesabu yake tu. Ukipewa pia kazi inayogusa takwimu moja kwa moja, mfano kumpima mtoto au kuamua kama anafaa kuandikishwa, jina lako liwepo.

Mkiwa nje ya IND, kinachotawala ni kifungu cha 312.120 cha kanuni za FDA, kwa sura yake iliyoanza kutumika tarehe 27 Oktoba 2008. Kabla ya hapo FDA ilikuwa ikitaka utafiti wa nje ufuate Azimio la Helsinki, yaani miongozo ya kimataifa ya maadili ya utafiti kwa binadamu. Sasa inataka mambo mawili: utafiti ufanyike kwa Kanuni za Utafiti Bora wa Kitabibu, zile zinazojulikana kama GCP, na FDA iweze kuja kukagua ikiona haja. Barua ya mfadhili inayosema tu "tutafuata Helsinki" haimtoshelezi Mmarekani, ingawa Ulaya bado wanalitaja Azimio hilo. Mfadhili atatakiwa aiambie FDA sifa za mtafiti, hali ya kituo, jina na anwani ya kamati ya maadili (huku akitunza majina na sifa za wajumbe wake, FDA ikiyataka ayatoe), namna ridhaa ilivyopatikana, motisha waliyopewa washiriki, jinsi alivyofuatilia utafiti na mafunzo waliyopewa watafiti. Angalia hilo la motisha. Nauli, soda, chandarua, kitenge, vyote viandikwe kwenye itifaki, yaani mpango wa maandishi wa utafiti, na kiasi chake. Mkianza kutoa kitu ambacho kamati haikukiona, mmemtengenezea mfadhili tatizo, na nanyi mmejitengenezea lenu kwa NIMR.

Kwa nini wanataka hata majina ya wajumbe wa kamati? Mfano unaotajwa sana ni wa Kano, Nigeria, mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo. Kampuni ya Pfizer iliwapa watoto dawa ya majaribio, trovafloxacin. Baadaye ikadaiwa kwamba barua ya idhini ya maadili iliandikwa baada ya utafiti na kurudishwa tarehe nyuma. Kesi zilifika hadi mahakama za Marekani, na mwaka 2009 kampuni ikakubaliana na serikali ya jimbo la Kano malipo ya dola milioni 75. Tarehe ya barua ni jambo dogo mpaka siku inapolinganishwa na tarehe ya kidole gumba cha mama wa kwanza kwenye fomu ya ridhaa.

Mfadhili akiwa na nia ya soko la Ulaya pia, kuna sharti jingine linalowaponza wengi. Kanuni ya Ulaya namba 536 ya mwaka 2014, inayotumika tangu 31 Januari 2022, inataka majaribio ambayo takwimu zake zitatumika kwenye maombi ya huko yawe yamesajiliwa kwenye daftari la wazi kabla ya kuanza. Majarida makubwa ya kitabibu nayo yanataka hivyohivyo tangu 2005, usajili utangulie mshiriki wa kwanza. Marekani kwa tafiti zinazoangukia sheria yake inatoa siku 21 baada ya mshiriki wa kwanza, na hapo ndipo kampuni ya Kimarekani inapojisahau. Shikeni sharti kali zaidi: namba ya usajili iwepo kabla ya saini ya kwanza ya ridhaa. Kwa Afrika lipo daftari la PACTR, linaloendeshwa kutoka Cape Town na kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani.

Sasa turudi nyumbani. "Muhuri wa NIMR tu" si kweli. NIMR, kupitia Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya, inaangalia maadili. Dawa ya majaribio yenyewe iko chini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, na bila kibali chake hakuna kidonge kinachotolewa hata kama NIMR imeridhia. TMDA inataka kuona cheti cha maadili, itifaki, kijitabu cha taarifa za dawa, ushahidi kwamba kiwanda kinafuata uzalishaji bora, bima ya washiriki, sifa za watafiti na sampuli ya lebo. Watafiti wa kigeni wanahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kibali cha ukaazi daraja C; hawaji kufanya kazi wodini kwa viza ya matembezi. Hospitali ikiwa chini ya halmashauri, kuna ngazi ya TAMISEMI, kisha barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Mkurugenzi, na Mganga Mkuu wa Mkoa na wa Wilaya wawe na nakala. Hii ya mwisho watu huidharau kwa sababu haina ada kubwa wala fomu ndefu. Lakini utafiti ukifika kijijini mtendaji hana taarifa, kinachosikika ni "wanachukua damu ya watoto", na hapo hakuna cheti cha Dodoma kitakachokusaidia.

Cheti cha maadili cha NIMR ni cha mwaka mmoja. Kinakuja na masharti nyuma ya jina la utafiti: ripoti ya maendeleo kila miezi sita, ruhusa ya NIMR kabla ya kuchapisha matokeo, na kuhuisha muda unapokwisha. Andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya stoo. Kumpa mtoto dozi ya majaribio siku cheti kimeisha ni kosa hata kama barua ya kuhuisha iko njiani.

Mpango wa ridhaa nao utazamwe na mtu wa huku, asiachiwe mfasiri wa Dar es Salaam peke yake. Mama asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, na shahidi huyo awepo wakati fomu inasomwa mwanzo mpaka mwisho, asiitwe mwishoni kuja kusaini. Muuguzi wa zamu anayelipwa posho na utafiti si shahidi huru. Halafu kuna swali ambalo kampuni za nje hazilifikirii: mama wa miaka 16 mwenye mtoto wa miezi minane. Naye kisheria ni mtoto. Nani anatoa ridhaa, yeye, bibi, au baba wa mtoto? Jibu liombwe kwa kamati na liandikwe kwenye itifaki kabla ya kuanza, maana atakuja wiki ya kwanza.

Kuhusu dawa kuingia nchini, hapa ndipo tafiti nyingi hukwama, na ndipo penye kazi yako zaidi.

Kwanza, dawa inatokaje Marekani? Kanuni za FDA zinaruhusu dawa isiyosajiliwa isafirishwe kwa ajili ya majaribio bila karatasi nyingine ikiwa inakwenda kutumika katika nchi zilizotajwa kwenye orodha: Australia, Kanada, Israeli, Japani, New Zealand, Uswisi, Afrika Kusini na nchi za Umoja wa Ulaya na eneo lake la kiuchumi. Tanzania haimo. Kwa hiyo ama utafiti uwe ndani ya IND inayotumika, ama kampuni iwasilishe FDA tamko kwamba dawa imekidhi masharti ya kifungu cha 312.110, ikiwemo kwamba imetengenezwa kwa uzalishaji bora, lebo yake inaeleza kuwa ni ya majaribio, na utafiti unafuata sheria ya nchi inakokwenda. Akija mtu na wazo la kupitishia bohari ya Afrika Kusini kwa sababu "ni rahisi", mkumbushe kwamba ruhusa ile ni ya dawa itakayotumika katika nchi hizo zenyewe. Ombeni nakala ya tamko. Mzigo ukizuiliwa kule, ninyi ndio mtakaokuwa na watoto walioanza dozi na rafu tupu.

Pili, inaingiaje Tanzania? Kibali cha kufanya majaribio si kibali cha kuingiza dawa. Kila shehena inaombewa kibali chake TMDA, ikitajwa jina au namba ya siri ya dawa, toleo (kundi la uzalishaji kiwandani), idadi, tarehe ya kuisha na kituo cha kuingilia. Idadi ikizidi iliyo kwenye kibali kwa katoni moja, mzigo wote unasimama. Toleo likibadilika kiwandani baada ya kibali kutoka, hali ni hiyohiyo, na hilo hutokea zaidi ya watu wanavyodhani kwa sababu mfadhili hupanga upakiaji wiki chache kabla ya kusafirisha. Mwambieni asiombe kibali kabla namba za toleo hazijathibitishwa. Ofisi ya kanda ya kusini ya TMDA ipo Mtwara mjini. Itumieni kuuliza mapema kuliko kupiga simu Dodoma mzigo ukiwa tayari uwanjani.

Tatu ni forodha. Tangu mfumo wa kimataifa wa misimbo ya bidhaa wa 2022 uanze, tarehe 1 Januari mwaka huo, plasebo (dawa bandia ya kulinganishia) na vifurushi vya majaribio vilivyofichwa utambulisho (isijulikane kipi ni dawa halisi), vikiwa katika vipimo vya dozi kwa utafiti unaotambulika, vina msimbo wao: 3006.93. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliingiza mfumo huo kwenye ushuru wake wa pamoja kuanzia Julai 2022. Zamani wakala alikuwa akihangaika: plasebo si dawa, basi ni nini, unga wa wanga au peremende? Bado wapo mawakala wanaoandika kwa mazoea ya zamani. Ankara ya mfadhili iseme waziwazi kwamba ni vifurushi vya majaribio ya kitabibu, itaje namba ya kibali cha TMDA, na iweke thamani halisi ya gharama, isiwe "dola 1" kwa kisingizio kwamba haziuzwi. Thamani ya mzaha ndiyo humfanya afisa wa forodha afungue sanduku, na sanduku la nyuzi 2 hadi 8 likifunguliwa bandani saa nane mchana, joto linapanda na dawa imeharibika. Majokofu, sindano na vipimo vya haraka havimo kwenye msimbo huo. Kila kimoja kina wake, na vifaa tiba navyo vinahitaji kibali cha TMDA. Visichanganywe kwenye ankara moja na dawa, maana kimoja kikikwama vinakwama vyote.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya kusini eneo la Somanga na magari yakakaa siku kadhaa. Andikeni njia ya pili kwenye mpango wa usafirishaji, yaani ndege mpaka Mtwara, na sanduku liwe na uwezo wa kushika joto kwa muda mrefu kuliko safari ya kawaida. Saa 72 ni kiwango cha chini kwa akili ya kawaida. Kirekodi joto kikifika, usikizime na kukitupa kwenye droo. Kisome, chapisha grafu, saini, weka faili. Joto likivuka mpaka, tenga mzigo kwenye rafu yenye maandishi "usitoe" na usubiri uamuzi wa maandishi wa mfadhili. Huna mamlaka ya kusema "ni nusu saa tu, haina neno", na mfadhili naye hana ruhusa ya kukwambia hivyo kwa simu bila kuandika.

Ndani ya stoo, unachodaiwa ni hesabu inayofunga. Mkaguzi, awe wa TMDA, wa mfadhili au wa FDA, atafanya hesabu moja rahisi: zilizoingia, toa zilizotolewa, ongeza zilizorudishwa, linganisha na zilizopo. Mfano, pakiti 240 zimeingia, 171 zimetolewa, 9 zimerudishwa na akina mama, rafuni ziwe 69 zisizotumika kamwe na 9 zilizorudi zikiwa kwenye boksi lao. Ukikuta 66, hizo tatu zina jina: ama mtoto alipewa bila kuandikwa, ama zilidondoka, ama zimeibiwa. Tafuta siku hiyohiyo. Kasoro inayojirudia kwenye wodi zetu ni muuguzi wa usiku kumpa mtoto aliyetapika dozi ya pili kutoka pakiti ya mtoto mwingine kwa sababu stoo imefungwa. Hapo umeharibu watoto wawili kwa takwimu, na kama utafiti umefichwa utambulisho, huenda umempa mmoja dawa ambayo siyo yake. Suluhisho ni kuacha dozi za akiba wodini, zikiwa na daftari lake, kwa utaratibu uliomo kwenye itifaki. Zinazobaki mwisho wa utafiti hazichomwi nyuma ya hospitali. Zinarudishwa kwa mfadhili kwa kibali, au zinateketezwa mbele ya TMDA na cheti kinatolewa.

Damu kwenda nje nayo ina milango mitatu. Wa kwanza ni mkataba wa kuhamisha sampuli, unaopitia NIMR, unaosema sampuli ngapi, za nini, zitakaa muda gani, na zitarudi au kuharibiwa. Neno "tafiti za baadaye" lisipite bila kikomo. Ridhaa ya mama ilikuwa ya malaria, haikuwa ya vinasaba. Jiulizeni pia kwa nini kipimo hicho hakifanyiki Ifakara, Muhimbili au maabara nyingine ya nchini, maana kamati itauliza. Mlango wa pili ni nchi inakokwenda: Marekani, sampuli yenye kimelea au inayodhaniwa kuwa nacho huhitaji kibali cha CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha huko, kabla ya kuingia, na kibali hicho huombwa na mpokeaji. Wa tatu ni ndege. Damu ya kawaida ya utafiti husafiri kama UN3373, namba ya kimataifa ya sampuli za kibayolojia za kundi B. Ufungashaji ni wa tabaka tatu: mrija usiovuja, kitambaa au pamba ya kunyonya inayotosha ujazo wote, chombo cha pili kisichovuja, kisha boksi gumu lenye angalau upande mmoja wa milimita 100 kwa 100. Mrija au chombo cha pili, mmojawapo uhimili mgandamizo wa kilopaskali 95. Kwa ndege, kila chombo cha ndani kisizidi lita 1 na boksi zima lisizidi lita 4 za kimiminika. Nje kuwe na alama ya almasi yenye upande usiopungua milimita 50, pamoja na jina na simu ya mtu anayehusika.

Barafu kavu ina namba yake, UN1845, na uzito wake kwa kilo uandikwe nje ya boksi. Kosa linalorudiwa ni kufunga boksi kwa gundi kila upande "ili baridi isitoke". Barafu kavu inageuka gesi. Boksi lisilopumua hupasuka. Gesi ipite kwenye boksi la nje, na barafu isiwekwe kamwe ndani ya chombo cha pili kilichozibwa. Matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi hayahesabiwi kuwa mzigo wa hatari, na kwa mazingira yetu ni nafuu kubwa kama kipimo kinaruhusu. Lakini mkataba wa sampuli unatakiwa vilevile. Watu huweka karatasi kwenye bahasha na kuondoka nayo kwenye begi la mkononi wakidhani kwa kuwa haimwagiki basi si sampuli.

Takwimu nazo zinavuka mpaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Hospitali isajiliwe kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na uhamishaji nje ya nchi uwe na msingi wake kisheria na kimaandishi. Namba badala ya jina inapunguza hatari lakini haiondoi sheria. Kama daftari la kuunganisha namba na jina lipo kwenye kabati lenu, hizo bado ni taarifa za mtu.

Madhara makubwa: mtafiti anamwarifu mfadhili mara moja, kwa kawaida ndani ya saa 24 kama itifaki inavyosema. Mfadhili ana siku 7 kwa madhara yasiyotarajiwa, yanayodhaniwa kusababishwa na dawa, yaliyoua au kutishia maisha, na siku 15 kwa mengine makubwa ya aina hiyo. Hizo ni za FDA na za kimataifa. Taarifa kwa TMDA na NIMR ni juu yenu, kwa masharti ya taasisi hizo zenyewe; msidhani FDA itawapelekea.

Pesa tuzungumze bila haya. Daktari wa hospitali ya umma, machoni pa sheria ya Marekani ya 1977 dhidi ya rushwa nje ya nchi, ni afisa wa serikali ya kigeni. Kampuni inayomlipa mkononi "kwa kuharakisha" inajitafutia kesi kwao, na daktari ana TAKUKURU. Malipo yapitie akaunti ya hospitali kwa mkataba unaoonyesha bei ya kila ziara. Mtafiti atajaza pia tamko la maslahi: FDA inataka kujua malipo ya mfadhili yanayozidi dola 25,000 nje ya gharama za utafiti, au hisa zinazozidi dola 50,000 za kampuni iliyo sokoni. Kwa hospitali ya wilaya viwango hivyo ni vya mbali, lakini fomu inajazwa hata kama jibu ni hakuna. Na bima: someni ukurasa wa maeneo. Nyingine zinaandikwa "dunia nzima" kisha kiambatisho kinaondoa Afrika. Itaje Tanzania, itaje utafiti wenu, na iendelee baada ya mshiriki wa mwisho kumaliza.

Limebaki la mwezi wa kumi. Tunaelewa kwa nini wanaitaka Mtwara: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta malaria kwa asilimia 20 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani, huku taifa likiwa na asilimia 8. Ila Oktoba ni korosho. Familia zinahamia mashambani, mama anaokota tangu alfajiri, na minada ikianza hakuna anayekaa kungoja gari la utafiti. Majaribio ya dawa ya malaria hufuata mtoto siku ya 0, 1, 2, 3, 7, 14, 21 na 28, na kwa dawa zinazokaa mwilini muda mrefu hadi siku ya 42. Siku ya 3 ikikosekana huwezi kusema vimelea vilichelewa kuisha. Watoto wakipotea wengi kabla ya siku ya 28, FDA au yeyote mwingine atasoma jedwali na kuuliza waliopotea walipona au walizidiwa. Chagueni kuanza kabla au baada ya msimu. Ikishindikana, wekeni kambi za kupimia karibu na mashamba, na dirisha la siku mbili mbele na nyuma kwa ziara ya siku ya 28. Hayo yote yaingie kwenye itifaki kabla haijapelekwa, kwa sababu yakiongezwa baadaye yanakuwa marekebisho, na marekebisho yanarudi NIMR na TMDA kwa foleni mpya.